Wanawake wa Bibi Titi walipiga kura 1958?

MamaNaima:
Wanajamvi, habari za jioni. Binti yangu wa darasa la sita kaambiwa aandike juu ya Bibi Titi Mohamed. Ubaoni waliandikiwa mstari mmoja tu: mwanamke shujaa aliyepigania uhuru. Basi! Jana nakuna nazi, akanitupia swali: "Mama, hao wanawake aliokuwa anawaita mikutanoni, na wao walipiga kura?" Nikabaki na mbuzi yangu. Mwenye kujua anisaidie, daftari linakusanywa kesho asubuhi.

BabuWaGerezani:
Mwanangu, huyo mjukuu wangu kauliza penyewe. Wengi wao hawakupiga.

Ule uchaguzi wa kura tatu, wa Septemba 1958 na Februari 1959, ulitaka uwe na miaka 21, kisha uwe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au umefika darasa la nane, au una wadhifa unaotambuliwa na serikali. Mama wa Kariakoo anayechoma vitumbua alfajiri na kupangisha chumba kimoja atazionyesha wapi hizo elfu tatu? Bibi Titi mwenyewe shule yake iliishia darasa la nne. Na ukishapenya hapo, unatakiwa uchague watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, TANU, chama kilichodai uhuru, nusura ipasuke kwa sharti hilo. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wake, akajiondokea.

Lakini mtoto asije akaandika kwamba walikuwa watazamaji. Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Bibi Titi alikuwa na kadi namba 16, ya mumewe namba 15. Akaanza kuwakusanya wanawake kule anakojulikana, kwenye ngoma, maana alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Aliwafuata viongozi wa lelemama, ngoma ya wanawake, na kiongozi akikubali, anakuja na kikundi kizima. Semina hakuna, posho hakuna. Mimi nilikuwa kitoto, mama ananituma kwa jirani na kikapu cha maandazi, chini ya kitambaa kuna kadi. Niliambiwa nikiulizwa niseme maandazi. Na kweli maandazi yalikuwemo, mawili matatu nikiyapunguza njiani.

Kijana_Tandika:
Mzee, mbona kesi ya uhaini umeiruka? Tusipambe historia.

BabuWaGerezani:
Sijaificha, kijana, niliulizwa habari ya kura. Haya: aliongoza UWT, umoja wa wanawake, ilipoanzishwa 1962, akawa mbunge wa Rufiji, 1965 kura zikamwangusha. 1969 akakamatwa kwa hiyo kesi ya uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa. Alifariki 2000. Leo unapanda daladala Barabara ya Bibi Titi kila siku, na kipindi fulani jina lake watu walilitaja kwa kunong'ona. Hilo nalo mtoto aandike, kama mwalimu wake hatakasirika.

MamaNaima:
Shikamoo babu, na ahsante sana. Nimemsomea yote. Kadi na kikapu kaviandika mwanzoni kabisa, uhuru kaupeleka chini. Sasa anapiga hesabu ya vitumbua vya kufikia shilingi 3,000 na kalamu haishuki. Anauliza, wakati huo kitumbua kimoja kilikuwa senti ngapi?