Adapaleni, tretinoini au klindamaisini: ipi inafaa chunusi za ukubwani?

Binti_Tandika
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nina miaka 29. Chunusi zilinirudia baada ya kujifungua, zimeshika mashavu na kidevu. Nyingi ni vipele vidogo vigumu visivyo na usaha, vichache ni vyekundu vinavyouma, na kila kinachopona kinaacha doa jeusi linalokaa miezi. Madoa yananiumiza kuliko chunusi zenyewe.

Daktari wa ngozi ameniandikia geli ya adapaleni asilimia 0.1, nipake usiku. Mdogo wangu anatumia tretinoini na uso wake umetakata kabisa. Jirani naye anasifia geli ya klindamaisini, anasema ilimkaushia chunusi ndani ya wiki mbili. Mimi nimepaka yangu siku nne mfululizo, sasa ngozi inababuka pembeni ya mdomo na inawasha. Nivumilie au nibadilishe?

Mfamasia_Moshi
Dada, usibadilishe bado. Punguza.

Adapaleni na tretinoini ni ndugu, zote ni retinoidi. Kazi yake ni kuzuia seli zilizokufa zisizibe matundu ya vinyweleo, na vipele vyako vigumu vinatokana na kuziba huko. Tretinoini ni ya zamani zaidi, huwasha zaidi, na aina nyingi huharibika zikipigwa na mwanga au zikikutana na benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya kupaka ya chunusi inayoua bakteria. Adapaleni inastahimili vyote viwili. Marekani iliruhusu adapaleni ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016, lakini tretinoini huko bado ni ya cheti. Kwa anayeanza, mimi naona daktari wako amechagua vizuri.

Klindamaisini ni kitu kingine, ni antibiotiki. Inapunguza bakteria na uvimbe, ndiyo maana jirani aliona mabadiliko mapema. Ila haizibui vinyweleo kama retinoidi, na ikitumika peke yake muda mrefu bakteria wanaizoea. Huwa inaambatanishwa na benzoili peroksaidi kuzuia usugu huo.

Sasa upakaji, maana hapo ndipo wengi wanaungua. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe kwa kugusagusa na taulo, kisha subiri kama dakika 20. Ngozi yenye unyevu huwashwa zaidi. Kamua geli kiasi cha punje moja ya njegere. Hiyo ni ya uso mzima, siyo ya chunusi moja. Weka vinukta kwenye paji, mashavu na kidevu, halafu usambaze. Usiguse kope, pembe za pua wala pembe za mdomo. Kwa hali yako pumzika mpaka mbabuko utulie, kisha anza na usiku mara mbili au tatu kwa wiki, ukitanguliza losheni isiyo na manukato. Ngozi ikizoea ndipo uongeze.

Zuhura_Kisauni
Pole dadangu, hapo nimepita. Mimi nilianza adapaleni nikiwa chuo hapa Mombasa. Wiki ya tatu chunusi zikazidi, nikaitupa. Mwaka uliofuata nikaanza tena, na daktari akanieleza kuwa zile zilizojificha chini ya ngozi huweza kutoka kwa pamoja wiki za mwanzo. Nilivumilia, na karibu wiki ya 12 ndipo nikaona uso wangu ule wa zamani.

Ukiongezewa benzoili peroksaidi, omba ya asilimia 2.5. Ya 10 ilinichoma tu bila faida zaidi. Nayo huchujua nguo: ilinitia mabaka kwenye foronya na mtandio mweusi. Na asubuhi usitoke bila losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Jua letu hili ndilo linalokoleza madoa.

Baba_Nuru
Mwanangu wa kidato cha tatu aliuziwa krimu dukani, akaambiwa ni ya chunusi. Wiki mbili uso ukawa laini, sote tukafurahi. Mwezi wa pili vikatoka vipele vinavyofanana, uso mzima. Daktari alisoma tyubu akakuta klobetasoli, steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ambayo siyo ya chunusi. Ilituchukua karibu mwaka kumtoa hapo, na bado inaniuma kwamba mimi ndiye niliyetoa pesa. Mabinti zangu, someni maandishi ya nyuma. Hasa ile ya mdogo wako iliyotakatisha upesi, itazame.

Binti_Tandika
Baba yangu, asante sana. Nimempigia, amenisomea: tretinoini, haidrokwinoni, mometasoni. Anaipaka mwezi wa tano sasa, na hakuandikiwa na daktari.

Mfamasia_Moshi
Mometasoni ni steroidi, na haidrokwinoni ni ya kuchubua rangi. Huo mchanganyiko siyo dawa ya chunusi. Ila asiache ghafla usiku wa leo bila ushauri, uso unaweza kuripuka ukawa mwekundu na kuwaka moto. Aende na tyubu yake kwa daktari wa ngozi wiki hii, apangiwe namna ya kuiacha.

Na wewe dada, samahani kwa swali la ndani: unanyonyesha? Mna mpango wa mtoto mwingine karibuni?

Binti_Tandika
Ameshaacha kunyonya. Wa pili tunamtafuta kabla mwaka haujaisha. Daktari hakuniuliza na mimi sikujua kama linahusiana.

Mfamasia_Moshi
Linahusiana sana. Retinoidi hatuzitumii kwenye ujauzito, hata za kupaka. Mrudie umweleze. Muulize kuhusu geli ya asidi azelaiki asilimia 15. Hiyo inakubalika kwa wajawazito, na inasaidia chunusi pamoja na madoa unayoyalalamikia. Inachomachoma siku za mwanzo na inakwenda taratibu, nayo uipe miezi mitatu. Tyubu ya sasa usimpe mtu.

Zuhura_Kisauni
Niliitumia hiyo nikiwa na mimba ya mwanangu. Madoa ya kidevuni yalififia polepole, lakini yalififia.

Binti_Tandika
Nimepata nafasi Alhamisi. Mdogo wangu nakwenda naye, na tyubu zote mbili ziko kwenye mkoba.