Tangi la karantini kwa samaki wa maji chumvi huku Mbeya, na hii baridi ya mwezi wa saba naanzia wapi?

mtu_wa_forest
Habarini wakuu. Niko Mbeya mjini, nina tangi la maji chumvi lita 200, mwaka wa pili sasa, ndani kuna nemo wawili, kamba wa kusafisha, konokono na matumbawe kidogo. Kuna jamaa wa Dar ananitumia kangaja wiki mbili zijazo, yule wa bluu mwenye pezi la njano mgongoni, nimemsaka muda mrefu mpaka wife akauliza huyu kangaja ni nani hasa. Sasa tatizo, mara ya mwisho samaki mpya nilimtia moja kwa moja tangi kubwa, siku ya nane akatoka madoa meupe kama kanyunyiziwa chumvi, nikazika watatu. Sirudii. Nina tangi tupu la lita 60, hita moja ya wati 100 na chupa ya dawa ya kopa, yaani shaba. Niweke mawe na mchanga humo? Dawa nianze siku ya kwanza? Na umeme ukikatika usiku na hii baridi nafanyaje, maana asubuhi maji ya ndoo yanauma mpaka kwenye mifupa.

Fundi_Tangi
Pole mkuu, hayo madoa wengi humu tumeyapitia. Lita 60 inatosha kwa samaki mmoja mdogo, ila kangaja anapenda kukimbia, asikae humo miezi.

Mawe na mchanga USIWEKE. Mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani vinanyonya kopa, leo unapima iko sawa kesho imeshuka, unaongeza, keshokutwa vinaitema unamuua samaki. Chini acha kioo kitupu, nunua vipande vya bomba la PVC na elbo kubwa kubwa duka la vifaa vya ujenzi, osha, weka ndani ajifiche. Hana pa kujificha atagoma kula, na kangaja akigoma kula shughuli imeisha.

Kitu cha maana kuliko vyote ni filta ya sponji, na uianze LEO. Itumbukize kwenye tangi kubwa bakteria waikalie, wiki mbili ni chache lakini siyo haba, ongezea bakteria wa chupa. Ila kama wale wagonjwa walikufa juzi juzi tu basi sponji ya tangi hilo usiiguse, utamhamishia mgonjwa ugonjwa. Wengi wanasema kopa imeua samaki, mimi naona walio wengi wameuliwa na amonia ya mkojo wao wenyewe, tangi jipya halina bakteria na mtu hajapima hata mara moja. Pima kila siku.

Kopa sasa. Soma chupa yako ni aina gani maana hazifanani, zile ambazo kopa yake imefungwa na kemikali nyingine (chelated) zinaenda mpaka 2.25 hadi 2.5 ppm, yaani miligramu kwa lita, zile za kawaida ni 0.5 tu, ukichanganya hesabu umeua. Panda taratibu siku mbili tatu, ukifika kiwango hesabu siku 30 bila kushuka hata siku moja. Bila kipimo cha kopa usianze kabisa, na dawa ya kufunga amonia usiitie kwenye maji yenye kopa, inaweza kuigeuza sumu kali. Na chochote kilichoguswa na kopa, ndoo, neti, mpira, kisirudi tangi kubwa, kamba wako watakufa wote.

Kaka_Uyole
Mnamtisha mwenzenu jamani. Mimi naangalia wiki mbili tu, hana madoa naingiza. Miaka mitatu sijafiwa

Fundi_Tangi
Kaka bahati siyo mfumo 😅 kile kidudu cha madoa meupe kinakaa kwenye ngozi ya samaki siku tatu mpaka saba hivi, kinadondoka, kinajifunga kwenye gamba chini ya tangi, kinapasuka vinatoka vingine vingi vinatafuta samaki. Wakati mwingine kiko kwenye matamvua tu, hata doa huoni. Halafu kwenye baridi kila hatua inaenda polepole, kwa hiyo hizo wiki mbili zako kwa baridi ya Uyole hapa Mbeya ndio hazitoshi kabisa.

Mama_Kihesa
Kamwene wote. Mwanangu wa Forest, mimi Iringa huku kopa nimeiacha, kipimo chake kikiisha kukipata ni kazi. Natumia madiaba mawili ya plastiki yenye mifuniko, lita 40 kila moja. Samaki akifika anaingia diaba la kwanza, kabla masaa 72 hayajatimia namhamishia la pili lenye maji mapya, chumvi ileile joto lilelile, la kwanza naosha na jiki nasuuza sana naanika juani mpaka likauke kabisa na vifaa vyake vyote. Baada ya siku tatu tena anarudi. Mara nne hivyo, siku ya 13 anatoka. Hicho kidudu kikidondoka kinaachwa nyuma kabla hakijapasuka, ndio siri yenyewe. Kwenye kuhama usimwage maji ya zamani kwenye mapya. Hapa hakuna kopa kwa hiyo dawa ya kufunga amonia tumia bila wasiwasi. Chumvi inakwenda, lita 160 kwa gramu 35 kila lita ni karibu kilo sita, na iwe chumvi ya akwariamu siyo ya kupikia mboga.

Lakini hii ni ya madoa meupe tu. Ukiona vumbi laini la dhahabu na anahema haraka, huo ni ugonjwa mwingine wa velvet, unaua kwa siku chache, hapo hamna ujanja ni kopa, kwa hiyo chupa yako usiitupe. Na madiaba yakae chumba kingine kabisa, kidudu cha velvet kinaweza kusafiri na matone ya hewa.

Baridi: usitegemee hita moja. Wati 100 kwa lita 60 kwenye chumba cha nyuzi 12 itahangaika usiku kucha. Weka mbili za mia mia, moja ikigoma nyingine inashikilia, halafu zungushia povu la yale maboksi meupe ya samaki pande tatu na chini. Umeme ukikatika funika blanketi, acha pampu ya chaji iendelee na hewa, baridi ya taratibu atavumilia, kukosa hewa hapana.

mtu_wa_forest
Asante sana mama, ndaga fijo. Naenda na madiaba. Swali, akifika nimdondoshee maji ya diaba ndani ya mfuko wake kwa mpira taratibu masaa mawili azoee, kama nilivyofundishwa?

Mama_Kihesa
Hapana kabisa! Kwa safari fupi sawa, lakini huyo kakaa kwenye mfuko masaa zaidi ya kumi na nne. Hewa anayotoa inashusha pH ndani, yaani maji yanaelekea kwenye asidi, na amonia inakuwa kama imelala. Ukifungua mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, amonia inaamka na samaki yumo ndani. Muulize jamaa wa Dar chumvi ya maji yake ni ngapi, diaba liwe sawasawa nayo, elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, mshike mtoe muingize, maji ya mfuko mwaga.

Fundi_Tangi
Naongezea, mwambie asijaze mfuko hewa mpaka ukaze kama ngoma. Dar ni usawa wa bahari, sisi tuko kama mita 1,700, basi likimaliza mlima wa Kitonga mfuko unaanza kuvimba wenyewe. Mimi mmoja ulinipasukia Makambako, kondakta alidhani nimebeba mchuzi. Na kwa sababu hiyohiyo ya mwinuko maji yetu yanashika hewa pungufu, karibu moja ya tano, kwa hiyo jiwe la hewa weka mawili

mtu_wa_forest
Mrejesho wakuu. Nimempokea leo alfajiri stendi ya Nanenane, mfuko umevimba lakini mzima, chumvi nilikuta 1.023 kwenye kipimo cha uzito wa maji nikawa nimeshaandaa hivyo. Diaba nyuzi 25. Saa nne amejificha ndani ya elbo, saa nane katoka akang'ata mwani mara mbili akarudi. Amonia sifuri. Madoa hayapo. Kengele ya kuhama nimeiweka keshokutwa jioni.

Kaka_Uyole
Picha mkuu

mtu_wa_forest
Ndani ya diaba la bluu unaona nini sasa, samaki mwenyewe wa bluu 😂 subiri siku ya 13