Ushauri: matunda ya kupoza watu arobaini siku ya Mapinduzi, friji ndogo, umeme wa mashaka

Mama wa Kimara
Wadau, habarini za jioni. Tarehe 12 Januari ndugu wanakutana kwangu, maana siku ya Mapinduzi wengi hawaendi kazini. Ni watu kama arobaini, karibu nusu ni watoto. Pilau na kuku vina wenyewe, mimi nimekabidhiwa matunda na vya kupoza koo. Joto la Dar la mwezi huu mnalijua, hata usiku feni inapuliza hewa ya moto. Wageni wanaanza kufika saa tano asubuhi, chakula saa nane, na wazee hawaondoki kabla ya magharibi. Friji yangu ni ndogo, na umeme wa mtaani kwetu unakatika bila taarifa.

Sitaki lile sinia la tikiti lililojaa maji na papai lililopondeka ambalo mtu anakaa kulifukuzia nzi. Mama mkwe ana kisukari, na kuna watoto wa miaka miwili mitatu. Ninunue wapi, nianze lini, nikate nini? Soda zitakuwepo, ila natamani watoto wasizikumbuke.

Mwana Tandika
Embe mbichi, chumvi, pilipili ya unga. Anza na hapo, watoto watakuja wenyewe.

Kaka Matunda
Dada, matunda ya kukata ndiyo kazi yangu, nakueleza tunavyofanya.

Nenda soko la Mabibo au la Stereo kule Temeke alfajiri ya tarehe 11. Nanasi ulizia la Kiwangwa, kisha linuse kitakoni. Likinukia, limeiva. Lisiponukia, rangi isikudanganye. Tikiti chagua zito kuliko umbo lake, lenye doa la njano upande uliolalia udongo. Doa likiwa jeupe, lilichumwa mapema. Embe chukua dodo lililoanza kunukia lakini likibonyezwa bado linakaza. Lililolainika lipeleke kwenye juisi, halifai kukatwa.

Osha kila tunda KABLA ya kulimenya. Watu wanaosha nanasi tu, tikiti wanalipasua hivyo hivyo na udongo wake, halafu kisu kinaingiza uchafu wa ganda kwenye nyama.

Usiku yapoze yakiwa mazima. Tunda zima linatunza ubaridi muda mrefu kuliko vipande. Asubuhi kata nanasi na matango kwanza, hayo yanavumilia. Embe ifuate. Tikiti liwe la mwisho, na kwenye chombo chake peke yake, maana likikaa na wenzake linatoa maji na kuwalowesha wote. Usilinyunyizie sukari wala chumvi mapema, vyote vinalikamua. Ndizi na parachichi mimi ningeziacha. Ukizitaka sana, zipake ndimu mara tu zikikatwa zisigeuke rangi.

Jambo kubwa: usitoe vyote mara moja. Sinia dogo mezani, mengine yako ndani ya deli, lile boksi la kutunzia ubaridi, lenye barafu. Likiisha, toa jingine.

Kwa watoto tunga mishikaki: nanasi, tango, embe, na tikiti mwishoni ili lisipasuke ukisukuma kijiti. Ukimaliza kutunga, kata ncha kali kwa mkasi. Wale wa miaka miwili wape vipande kwenye kikombe, kijiti hapana.

Shangazi Upanga
Mimi ningeongeza jeli ya paketi ndani ya vikombe vidogo, juu yake nanasi na mtindi. Inapendeza machoni, na unaiandaa usiku wake ukalala.

Mpishi wa Ilala
Shangazi, hapo kwa nanasi bichi, yaani lisilopikwa, nakupinga kwa heshima. Nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini, kinaitwa bromelaini, na papai lina cha kwake. Jeli ya kawaida inashikwa na jelatini, ambayo ni protini, kwa hiyo ukiiwekea nanasi bichi itabaki maji hata ilale kwenye friji mpaka kesho. Mtindi nao ukikaa na nanasi bichi unageuka uchungu. Lichemshe nanasi dakika chache, lipoe, ndipo ulitumie. Au weka embe, haina shida hiyo. Na kama kuna Waislamu kwenye ukoo, soma paketi kwanza, jelatini nyingine ni ya nguruwe.

Shangazi Upanga
Asante mwanangu. Basi jeli iende na embe, na mtindi uwekwe wakati wa kula.

Nesi Mbagala
Mama wa Kimara, kuhusu mama mkwe: matunda anakula, kinachotakiwa ni kiasi. Mpe vipande vichache kwenye sahani yake, si glasi ya juisi. Juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na sukari yake inapanda haraka. Tango na embe mbichi zitamfaa, ila pilipili na chumvi ziwe kidogo kama ana presha pia. Kama kliniki imempangia kiasi, fuata hicho.

Zabibu kwa watoto wadogo zipasue kwa urefu, nzima zinaweza kuwakaba. Ubao na kisu vya kuku visiguse matunda kabisa. Na joto likiwa kama hili, zaidi ya nyuzi 32, tunda lililokatwa lisikae mezani kupita dakika sitini bila ubaridi. Tikiti hasa, kwa sababu halina ukali wa kuzuia vijidudu.

Mwana Tandika
Barafu za ukwaju jamani, mmezisahau! Robo kilo ya ukwaju, maji lita mbili, chemsha, vuruga, chuja mara mbili. Weka hiliki, chumvi kidogo sana, na sukari mpaka ionekane imezidi, maana ikiganda utamu unapungua ulimini. Mimina kwenye vikombe, chomeka kijiti ikianza kushika. Mtoto akishika barafu ya ukwaju, soda anaiona ya nini?

Mama wa Kimara
Nyie watu Mungu awabariki, naandika kila kitu. Barafu ya kujaza deli nichukue Feri? Ni rahisi na ni mabonge makubwa.

Nesi Mbagala
Ile ni ya kuhifadhia samaki, isiguse kitu cha kuliwa. Ya kwenye vinywaji gandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Kwenye deli weka chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa. Usizijaze mpaka juu, maji yakiganda yanatanuka. Zikiyeyuka, mnakunywa.

Mama wa Kimara
Nimeelewa. Sasa kiasi. Watu arobaini, matikiti mangapi?

Kaka Matunda
Makubwa matatu, nanasi nane, dodo ishirini, matango kumi, na embe mbichi za Mwana Tandika kama kumi na mbili. Ukwaju na zile chupa anza kugandisha tarehe 9, kwa awamu, friji ndogo haigandishi vyote kwa usiku mmoja. Deli kama huna, azima kwa muuza aiskrimu wa mtaani kwenu, ila mwahi kabla hajatoka nalo asubuhi.