Rashgadi na taitsi za kuogelea kwa mtu mzima: ipi inakinga jua kweli?

MkaaziWaKizingo

Assalam alaykum wanajukwaa. Nataka kununua nguo za kuogelea zinazokinga jua, yaani rashgadi (fulana ya kuogelea) na taitsi, za watu wazima. Za watoto zimejaa madukani, lakini ukiulizia ya mtu mzima unaonyeshwa burkini kamili (vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima) au fulana ya jimu, na kuambiwa "hii pia yafaa baharini".

Ni za mke na mume, likizo ya Desemba: siku 4 Nyali na Bamburi hapa Mombasa, siku 1 ya boti kwenda kutazama matumbawe, kisha siku 3 Diani. Mume ana mabega mapana na anameza vidonge vya presha. Wote wawili ni weusi, lakini mgongo na mabega hubabuka kila likizo.

Je, fulana ya pamba ya mikono mirefu haitoshi? Kwenye lebo nitazame nini? Mitumba ya Kongowea inafaa au ni hasara? Na nyeusi haitatuchoma kwa joto?

---

FundiWaKibokoni

Wa alaykum salaam dada. Pamba kwanza, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba, ikiwa kavu, kinga yake kwa UPF (kipimo cha kinga ya nguo dhidi ya jua) ni kama 5 hadi 8. Ikilowa inashuka hadi 3 hivi, yaani karibu theluthi moja ya miale inapita moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Tazama karatasi iliyofungiwa mahamri ya moto: palipoingia mafuta unaona vidole vyako upande wa pili. Maji kwenye pamba hufanya vivyo hivyo. Yanajaza nafasi zilizo baina ya nyuzi, mwanga hautawanyiki tena, unapenya. Ndiyo maana mtu anakaa majini saa mbili na fulana yake mwilini, na jioni mabega hayagusiki.

Kwenye lebo tafuta herufi UPF na namba. UPF 50 ni kwamba sehemu 1 tu kati ya 50 ya miale inapita, asilimia 2. Kiwango cha kwanza cha nguo hizi kiliandikwa Australia na New Zealand mwaka 1996, AS/NZS 4399, nacho bado kinaonekana kwenye lebo nyingi. Cha Ulaya ni EN 13758-2, kinataka zaidi ya 40. Msilegeze hapo, chukueni 50+. Kipimo cha AS/NZS hufanywa kitambaa kikiwa kikavu na hakijavutwa, na nyinyi mtakivaa kikiwa kimelowa na kimevutika. Namba kubwa inawaachia akiba.

Na huko kuvutika ndiko kunakomhusu bwana mwenye mabega mapana. Kitambaa cha kuogelea ni naironi au poliesta iliyofumwa pamoja na spandeksi (uzi unaovutika kama mpira), mara nyingi 80 kwa 20. Ukinunua saizi ndogo ili "ishike mwili", matundu ya ufumaji yanafunguka mgongoni na mabegani, na hapo ndipo jua linapopiga sana. Apimwe kifua na mabega, asinunue kwa kiuno. Akiwa ameivaa, akumbatie mwili wake mwenyewe kwa mikono miwili, nawe utazame mgongo kwenye mwanga. Rangi ikififia na ngozi ikaanza kuonekana, apande saizi moja.

Uzito wa kitambaa pia una maana. Gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba ndio uzito wa kawaida wa nguo ya kuogelea. Fulana za jimu ni nyepesi kuliko hapo, na nyingi zina vipande vya neti kwapani na kati ya mgongo ili jasho litoke. Kwenye neti jua linapita tu, utapata alama ya neti mwilini.

Mitumba: inafaa, lakini uijue. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, kivute polepole karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika-katika, spandeksi imekufa. Geuza ndani nje utazame makalio, magoti na kwapa. Ukiona vinyuzi vyeupe vimesimama kama nywele fupi, hizo ni nyuzi za mpira zilizokatika, na kitambaa hakitarudi tena kikivutwa. Kikishalegea namna hiyo, namba ya kwenye lebo si yake tena. Rangi iliyopauka mabegani tu, kwingine iko sawa, ni dalili kwamba mwenyewe wa kwanza aliivaa sana juani. Iache.

Nyeusi inakinga vizuri kuliko nyeupe, kitambaa kikiwa kilekile, kwa sababu rangi nzito hunyonya miale. Ikiwa imelowa haitakuchoma, maji yanayokauka yanapoza mwili. Ni ukitoka na kukaa mchangani hadi ikauke ndipo utaisikia. Lakini mimi singewachagulia nyeusi. Mwalimu wa kuogelea atakuambia kwa nini.

---

MwalimuWaBahariNyali

Fundi amesema kweli. Rangi: chungwa, nyekundu, au kijani cha limau. Nyeusi, buluu na kijivu majini vinapotea, na mtu aliyelala kifudifudi na miwani na mrija haonekani na mwenye boti wala mwenye jetski. Rangi kali yenye UPF 50+ inakinga jua sawa na nyeusi, na juu ya hapo inakuokoa.

Sasa jinsi ya kuijaribu dukani. Vaa fulana na taitsi pamoja, inua mikono yote miwili juu kabisa, kisha iname ushike vidole vya miguu. Kiuno kikifunguka hata upana wa vidole viwili, hapo ndipo mkanda wa kuungua utakapochorwa, maana kutazama matumbawe ni kulala kifudifudi na mikono mbele. Iliyo nzuri ina kitanzi kidogo upande wa mbele, unapitisha kamba ya kaptula ndani yake na fulana haipandi. Kama haina, fundi wa mtaani ataishona kwa dakika tano. Fulana zile za kulegea ni raha kwa kutembea ufukweni, ila ndani ya maji zinapanda hadi kifuani.

Shingo iwe ya kusimama, sentimita 5 au 6. Mkono ufike kwenye kifundo, na ukiwa na tundu la kidole gumba ni bora zaidi, kwa kuwa mgongo wa kiganja unasahaulika. Taitsi zifike kwenye vifundo vya miguu. Nyuma ya magoti na mashavu ya miguu ndipo panapoungua kuliko pote kwa anayetazama samaki, na kaptula haifiki huko.

Zipu iwe ya meno ya plastiki. Ya chuma inashika kutu kwa chumvi, ikikwama umevaa nguo mbichi itabidi ikatwe. Iliyo mbele hadi kifuani inarahisisha kuvua, lakini lazima juu iwe na kikunjo cha kitambaa kinachoifunika, la sivyo inakwaruza kidevu. Kwa mama, vipande viwili ni rahisi kuliko suti ya kipande kimoja, chooni utakumbuka maneno haya. Pedi za kifua zitoe kama zinatoka, zinabeba maji na hazikauki.

Msinunue wetsuti. Maji yetu ni nyuzi 25 wakati wa kusi na hufika 29 au 30 kaskazi ikikaza. Mpira ule ni wa bahari baridi, hapa mtapata joto la kuwatapisha. Kitambaa chembamba kinatosha, na kinasaidia hata kwa konyeza wanaowasha.

Halafu saa. Hapa Mombasa jua linafika juu kabisa kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana. Tuko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo Desemba nayo si ya kudharau. Kipimo rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Lakini shida ya bahari yetu ni bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, na hapo ndipo kila mtu anapoitwa kutembea hadi mwambani. Mnaenda na maji ya kupwa, mnarudi yanapojaa, na katikati mmesimama saa mbili tatu juani kwenye maji ya magotini, bila kivuli chochote. Maji hayasaidii: kwa kina cha nusu mita bado karibu asilimia 40 ya nguvu ya miale ipo. Kama mwaweza kuchagua, siku ya boti iwekeni kwenye maji mafu (siku ambazo maji hayapwi sana), au ombeni kuondoka mapema zaidi. Na mawingu au upepo visiwadanganye. Upepo unaondoa joto, miale iko palepale.

---

MkaaziWaKizingo

Shukran sana. Nimeelewa kuhusu pamba, na rangi nimekubali chungwa. Mawili bado. Hoteli zingine zinakataa nguo ndefu kwenye bwawa, niwaambieje? Na vidonge vya presha vina uhusiano wowote na jua? Nimeona mtu amegusia mahali pengine.

---

KijanaWaShanzu

Bwawani wanachokataa zaidi ni pamba, maana nyuzi zake zinatoka na kuziba chujio. Piga simu kabla ya kulipa, useme ni "nguo ya kuogelea ya poliesta, ya mikono mirefu", usiseme "fulana". Omba jibu kwa maandishi.

Na kama mtakuwa bwawani kila siku, tafuteni lebo yenye poliesta na PBT (aina ya poliesta inayovutika) bila spandeksi, inastahimili klorini. Yenye spandeksi nyingi huliwa na klorini, likizo chache tu inalegea. Pia msikae na nguo hiyo kwenye ukingo wa saruji, kitambaa cha makalioni kinakwaruzika na kutoa manyoya siku ya kwanza.

---

MfamasiaTudor

Uhusiano upo. Dawa ya presha yenye hydrochlorothiazide, ile inayoongeza mkojo, hufanya ngozi iungue upesi. Iko peke yake au ndani ya vidonge vilivyochanganywa, kwa hiyo asome jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa kwenye pakiti. Akiikuta asiache dawa. Azungumze na daktari wake, na nguo ndefu kwake iwe lazima. Wageni wanaokuja na doxycycline ya kukinga malaria wako kwenye hali hiyohiyo, nao wengi hawaambiwi.

Kuhusu ngozi nyeusi: ina kinga yake, lakini hata ile nyeusi sana ni kama kinga ya 13 hivi, si 50. Kubabuka kwenu si jambo la ajabu. Mwenye ualbino hana kabisa kinga hiyo. Kwake, pamoja na nguo hii, ongeza kofia ya ukingo mpana wa sentimita 7 na nusu au zaidi yenye kamba ya kidevuni, na ajue kwamba Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino.

Mafuta bado mnahitaji, ila kidogo. Mtu mzima anayejipaka mwili mzima anatumia karibu mililita 35 kila mara, na anarudia kila saa mbili na kila akitoka majini. Chupa ya mililita 200 haifiki mbali. Mkivaa nguo ndefu inabaki uso, masikio, kisogo, viganja kwa nje na juu ya nyayo, robo ya kiasi hicho inatosha. Pakeni dakika 15 au 20 kabla ya kutoka, na mpitishe mafuta sentimita mbili ndani ya ukingo wa mkono na shingo kabla ya kuvaa, kwa sababu nguo husogea. Kwa siku ya matumbawe chagueni mafuta ya zinki oksidi yasiyo na oxybenzone. Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye kemikali hiyo tangu Januari 2021 kwa ajili ya matumbawe, na ya kwetu nayo yanahitaji kutunzwa.

Jambo jingine, msikae na nguo mbichi mchana kutwa. Chumvi na mchanga kwapani na mapajani huchubua, kisha fangasi wa kinena hufuata. Nunueni zenye mshono bapa, si ule wa ovaloki unaosimama kama ukuta kwa ndani, na mpake vaselini kidogo kwapani kabla ya kuingia.

---

MkaaziWaKizingo

Nimetazama pakiti, imo kweli hiyo hydrochlorothiazide. Atamwona daktari wiki hii inshallah. La mwisho kwa fundi: nguo nyeupe za mtoto ziliwahi kutoka madoa ya rangi ya kutu shingoni baada ya likizo, na jiki ikazidisha. Hizi mpya nitazifuaje?

---

FundiWaKibokoni

Hilo si kutu ya zipu, dada. Ni mafuta ya jua yenye avobenzone (kemikali ya kuzuia miale) yakikutana na maji yenye chuma, kama ya visima vingi vyetu. Jiki inalishika doa lisitoke, na isitoshe inakula spandeksi, kwa hiyo isikaribie nguo hizi kabisa. Doa bichi pakaza sabuni ya vyombo, liache dakika kumi, suuza. Lililokauka jaribu maji ya ndimu na chumvi, na usilianike juani kabla halijatoka lote.

Kila siku mkitoka baharini, palepale kwenye bomba la ufukweni, suuzeni kwa maji baridi. Mkirudi chumbani ziloweke dakika 15 na sabuni laini kidogo, zigeuzwe ndani nje mchanga utoke kwenye mishono. Usizikamue kwa kuzisokota: zikunje ndani ya taulo, bonyeza. Anika kivulini palipo na upepo, zikiwa zimelazwa au zimekunjwa kiunoni, usizitundike kwa mabega zikiwa na maji, zitarefuka. Pasi hapana. Na kwa siku 8 nunua pea mbili kila mmoja, kwa unyevu wa Desemba moja haikauki usiku, na nguo isiyokauka asubuhi ndiyo inayomfanya mtu aivue na kurudi kwenye fulana ya pamba.