Wataalamu na watetezi wa watoto wenye tofauti za hisi: mnamtuliza mtoto kwa faida ya nani?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nawaomba wasimamizi wasiufunge kabla wahusika hawajausoma. Malalamiko yangu yanawahusu watu ambao kazi yao ni kuwasaidia watoto wenye usonji, wenye shida ya umakini, na wengine ambao ubongo wao hupokea mwanga, sauti, harufu na mguso kwa namna isiyofanana na ya walio wengi. Nawasema wataalamu wa tiba kazi (wanaomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku), wanasaikolojia, walimu wa elimu maalumu, pamoja na watetezi wanaopewa vipaza sauti ili wazungumze kwa niaba ya watoto hao. Wengi wao, na sisemi wote, wamejiwekea kipimo kimoja tu cha mafanikio, nacho ni ukimya wa mtoto. Akinyamaza, akitulia kwenye kiti, akiacha kupunga mikono, wanaandika kwamba msaada wao umezaa matunda. Kama bado anaumia au haumii, hilo halina nafasi kwenye fomu zao.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni, nieleze kidogo. Shuleni tulikaririshwa milango mitano ya fahamu, lakini mwili una zaidi ya hiyo. Kuna hisi ya mizani iliyomo ndani ya sikio, kuna hisi ya misuli na viungo inayomwezesha mtu kujua mkono wake uko wapi bila kuutazama, na kuna hisi ya ndani inayoleta habari za njaa, kiu, haja na mapigo ya moyo. Mtoto mmoja anaweza kupokea kingi mno kwa upande mmoja na kidogo mno kwa upande mwingine. Mwanangu huziba masikio na kutetemeka mashine ya kukaushia mikono inapowaka chooni, ilhali aliwahi kuchanika goti uwanjani akaendelea kukimbia hadi mwenzake alipomwonyesha damu iliyofika kwenye soksi. Mambo haya si mageni kwa wataalamu. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani na wa nchi nyingine nyingi umeitaja hali ya kupokea vichocheo kupita kiasi au chini ya kiasi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo hakuna mtaalamu anayeweza kuniambia leo kwamba hajui.

Ndiyo maana nilishindwa kujizuia niliposikia walichofanya shuleni kwake. Alikuwa akivaa vizuia-kelele vya masikioni darasani, na kwa kuwa alivivaa, aliweza kusoma. Mwalimu wa kitengo, mtu mwenye cheti cha elimu maalumu, akavivua na kuvifungia kabatini, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, tukimwachia hivi hatazoea." Darasa lenyewe lina sakafu ya saruji, viti vya chuma vinavyoburutwa kila anayesimama, na taa za mirija ambazo moja inanguruma na kupepesa kutwa nzima. Mtoto alikaa humo mchana kutwa akitafuna ukingo wa mkono wa sweta mpaka nyuzi zikaachana. Hakupiga kelele, hakumsumbua mtu. Jioni taarifa ya siku ikaja imeandikwa: "Ametulia vizuri, maendeleo yanaonekana." Alipovuka kizingiti cha nyumba alianguka sakafuni, akalia kwa saa nzima huku akijipiga kichwani, na hakutaka kuguswa hata na mimi. Hayo hayakuandikwa popote. Nilipoyaeleza kesho yake, jibu lilikuwa kwamba pengine nyumbani anadekezwa.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mtoto anayejikaza mbele ya watu na kuporomoka mbele ya mama yake hajadekezwa, amezidiwa. Amebeba mzigo wa siku nzima, na ameutua mahali ambapo anajua hatafukuzwa. Watu wazima wenye usonji wamelieleza jambo hili waziwazi, kwamba kujificha nyuma ya uso mtulivu kunachosha mno na kunaweza kuwaumiza kwa muda mrefu. Mtaalamu anayesoma ukimya wa darasani kama dalili ya kupona, kisha akapuuza kinachotokea nyumbani, ana nusu ya habari na ameamua kwamba hiyo inamtosha.

Tena hilo neno la kuzoea nalisikia kila mahali, kana kwamba ni sheria ya maumbile. Uchunguzi wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa vijana wenye usonji wanaozidiwa kwa urahisi na vichocheo, sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisi, pamoja na ile inayohusika na hofu, ziliendelea kuitikia sauti na mguso uliorudiwarudiwa wakati za wenzao zilikuwa zimekwisha kutulia. Maana yake, kule kuzoea mnakokutegemea ndiko hasa kulikopungua kwa mtoto huyu. Mimi sikatai kwamba mtoto anaweza kusaidiwa kuikaribia sauti inayomtisha. Lakini kazi hiyo ina masharti yake: awe anajua sauti itakuja lini, ianze kidogo, awe na uwezo wa kuisimamisha, na awe amekubali. Kumvua kinga na kumwacha katikati ya kelele hakutimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Niwageukie sasa wa kliniki. Tiba ya kuunganisha hisi, inayolenga kumsaidia mtoto kupokea na kupanga vizuri habari za hisi zake, iliasisiwa na A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi na mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye maandishi yake yalianza kujulikana sana katika miaka ya 1960 na 1970. Yeyote aliyesoma misingi yake anajua kwamba inafanyika kwa njia ya mchezo, kwamba mtoto ndiye anayeongoza uchaguzi wa shughuli, na kwamba mtaalamu hurekebisha ugumu wake kadiri anavyomsoma mtoto. Sasa nielezeni ni msingi gani uliotumika siku nilipoketi kwenye kona ya chumba cha tiba nikitazama mwanangu akisuguliwa mikono kwa brashi, yeye akiuvuta mkono, mtaalamu akiurudisha, yeye akiuvuta tena, na mtaalamu akiendelea kuhesabu kwa sauti kwa sababu idadi ya misuguo ilikuwa haijatimia. Mtoto yule hazungumzi kwa wepesi anapokuwa na hofu, lakini mkono wake ulikuwa umesema hapana kwa lugha ambayo hata mtu asiye na cheti angeielewa. Kwenye faili wakaandika kwamba "alishirikiana baada ya kusitasita."

Kuna na suala la kutuficha ukweli. Mwaka 2012 chama cha kitaaluma cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiutumie mvurugiko wa uchakataji wa hisi, yaani shida ya ubongo kupokea na kupanga habari za hisi, kama utambuzi unaojitegemea, na wawaambie wazazi kwamba tafiti kuhusu tiba za hisi bado ni chache na hazijatoa jibu la mwisho. Mwaka 2014 jaribio la blanketi zito kwa watoto wenye usonji lilionyesha kwamba hawakulala muda mrefu zaidi kuliko walipotumia blanketi la kawaida, ingawa watoto na wazazi walilipenda lile zito. Mwaka 2022 jaribio kubwa la Uingereza kuhusu tiba ya kuunganisha hisi halikuona kwamba watoto walioipata walifanya vizuri kuliko waliopata huduma za kawaida. Upande wa pili wapo waliopata matokeo mazuri katika majaribio madogo yaliyofuata misingi ya tiba hiyo kwa uaminifu. Mzazi ana haki ya kuyasikia yote mawili kabla hajaandikishwa kwenye mfululizo wa vikao usio na tarehe ya kuisha. Mimi nilipewa kipeperushi chenye picha ya ubongo wa rangirangi na ahadi ya mabadiliko, na nilipouliza tutajuaje kwamba tiba imeshindwa ili tuiache, nilitazamwa kama mkorofi.

Msinielewe vibaya nikaonekana nawataka wataalamu wafunge virago. Nimekutana na mmoja ambaye kabla hajasema neno alizima taa ya dari, akafungua dirisha, akaketi sakafuni mbali na mtoto, akamuuliza ni kitu gani humu chumbani kinamkera zaidi. Mwanangu akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Ikatolewa betri. Kikao cha siku hiyo kilienda vizuri kuliko vyote vilivyotangulia, na hakikuhitaji kifaa chochote cha kununua. Kwa hiyo najua kazi hii inaweza kufanywa vizuri, na ndiyo sababu sina subira na wanaoifanya vibaya.

Jambo la kwenda haja naliandika kwa uchungu wa pekee. Mtoto ambaye hisi yake ya ndani ni hafifu anaweza asipate taarifa kwamba kibofu kimejaa mpaka dakika ya mwisho, au asiipate kabisa. Anayeijua hali hiyo humpangia saa za kwenda chooni na kumkumbusha kwa utaratibu, bila kumtangaza. Mwanangu alisimamishwa mbele ya wenzake, suruali ikiwa imelowa, akaambiwa kwamba mtoto wa umri wake anapaswa kuona haya. Aliyetamka maneno hayo alikuwa amehudhuria semina ya tofauti za hisi, na cheti chake kimebandikwa ukutani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa amelipwa posho ili afundishwe kuhusu kunguni hao, akarudi vilevile alivyokwenda.

Nanyi watetezi, msidhani nimewasahau. Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya usonji, mnaandaa hafla na kuwaleta watoto wetu kama mapambo. Spika zinafunguliwa hadi mwisho, maputo yanapasuka, kamera zinamulika nyusoni mwao, na mtoto akizidiwa mnamwita mama yake amtoe nje ili shughuli iendelee. Hafla ya kuwatetea watu wenye hisi nyepesi haina hata chumba kimoja cha utulivu! Baya zaidi ni wale wanaorusha mtandaoni video za watoto wakiwa wamezidiwa, wakilia na kujiuma, kwa kisingizio cha kuelimisha jamii. Mngekubali nyinyi kurekodiwa mkiwa katika hali ya namna hiyo, na video ibaki hapo mpaka mtakapokuwa watu wazima mnaotafuta kazi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 7 kwamba watoto wenye ulemavu wana haki ya kutoa maoni yao kwa uhuru juu ya mambo yote yanayowahusu, na wapewe msaada unaofaa ili waitumie haki hiyo. Haikusemwa popote kwamba haki hiyo ni ya wanaozungumza kwa ufasaha tu. Mtoto anaweza kutoa maoni kwa picha, kwa kidole, kwa kibao cha maandishi, kwa kukimbia. Aidha, wapo watu wazima wenye usonji ambao walikuwa watoto hao hao jana, na wanaweza kueleza kwa maneno yao kilichowasaidia na kilichowaumiza. Ni mikutano mingapi ya utetezi imewaketisha meza kuu, ikaacha kuwaweka mwishoni mwa ratiba ili watoe ushuhuda wa dakika tatu na kupigiwa makofi?

Ninachokidai si kikubwa. Taarifa ya mtoto ianze kwa kusema mazingira yamebadilishwa nini: taa, viti, kengele, ratiba, mahali pa kupumzikia. Kisha iseme mtoto mwenyewe alionyesha nini, kwa njia yoyote aliyotumia, na lini alikataa. Kile kinachotokea nyumbani baada ya saa za shule kiingizwe kama sehemu ya ushahidi, na wala kisichukuliwe kuwa ni umbea wa mama mwenye wasiwasi. Kinga ya masikio isivuliwe kwa mtoto kama adhabu wala kama zoezi, kwa sababu hakuna anayemvua mwenzake miwani ili macho yake yazoee. Na kila mtaalamu anayeanzisha tiba aandike mapema ni dalili ipi itakayomfanya aisimamishe.

Najua humu jukwaani mmo wataalamu na watetezi, na baadhi yenu mtaniandikia kwamba mna watoto wengi, muda mchache na vitendea kazi haba. Nakubali kwamba hayo ni kweli, na mkiwakabili wakubwa wenu kuyadai nitasimama nanyi. Lakini kutoa betri kwenye saa hakuhitaji bajeti, na mkono unaovutwa unaachiwa bila kuomba kibali cha mtu. Kwa hiyo, kabla hamjanijibu kuhusu uhaba, chukueni faili la mtoto mliyemhudumia mwisho, kisha mniambie hapa hapa: ni wapi mmeandika yeye mwenyewe alisema nini kuhusu kinachomuumiza?