Chuo kimebadili jina: barua ya ithibati naiomba wapi?

Kutoka: Zuhura, South B, Nairobi

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Nahitaji msaada wa haraka. Jana nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi kwenye ofisi ambayo sitaitaja hapa. Nina MD (shahada ya udaktari) ya 2004, transkripti, cheti cha MCT (Baraza la Madaktari Tanganyika), na nakala zote zimegongwa mhuri na wakili. Karani akaweka kidole kwenye orodha yake, akakishusha hadi chini, akarudi juu. "Mama, hapa kuna MUHAS. Cheti chako kinasema University of Dar es Salaam." Nikamweleza kwamba enzi zetu Muhimbili ilikuwa MUCHS, chuo kishiriki cha hiyo University of Dar es Salaam (UDSM), na imekuwa chuo kikuu, ndiyo MUHAS, 2007. Akanirudishia bahasha: nilete barua ya kuonyesha chuo kilikuwa na ithibati mwaka niliohitimu. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) yenyewe imeanza 2005! Barua hiyo anaiandika nani?

Kutoka: Mzee Hamisi, Eastleigh

Marahaba mwanangu, pole sana. Kabla ya TCU kulikuwa na HEAC, baraza la ithibati ya elimu ya juu. Omba cheti cha HEAC.

Kutoka: Deo, Rongai

Mzee wangu, kwa heshima zote, usimpoteze dada. HEAC ilisimamia vyuo binafsi tu. UDSM ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1970, kwa hiyo cheti cha HEAC cha UDSM hakipo na hakijawahi kuwepo. Zuhura, wewe kwanza tuambie umekwama wapi. Hapa Kenya CUE, tume ya vyuo vikuu, hutambua shahada; KMPDC, baraza la madaktari, humsajili daktari. Watu wanachanganya kila mara, halafu wanalalamika wamezungushwa.

Kutoka: Mama Neema, Kilimani

Afadhali wewe dada. Mwanangu amesomea udaktari Asia, miaka sita, ada tumeuza kiwanja cha Kigamboni. Amerudi, anaambiwa mtihani kwanza ndipo apewe nafasi ya utarajali. Chuo kilituambia kimekaguliwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari. Tuliamini.

Kutoka: Deo, Rongai

Mama Neema, WFME haikagui chuo hata kimoja. Inatambua chombo cha nchi kinachokagua vyuo. Na chuo kuonekana kwenye World Directory, orodha ya vyuo vya udaktari duniani, si ithibati, wameandika wenyewe. Hili tulishalisema humu.

Kutoka: Mama Neema, Kilimani

Ulilisema lini, Deo? Mimi nilikuwa nauza kiwanja.

Kutoka: Bi Saumu, Umoja

Jamani, tusigombane. Mimi nataka mjue ukaguzi wa kweli ukoje, kwa sababu mabaraza ya madaktari ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) hukagua vyuo kwa pamoja, ndiyo maana aliyesoma kwetu hapa hapaswi kuhangaishwa hivi. Nikiwa mwaka wa tatu walikuja kwetu. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, hakukaa kunywa chai ofisini. Aliingia moja kwa moja wodini, akatuhesabu tuliozunguka kitanda kimoja: kumi na wanne. Akamwinamia mgonjwa, "Baba, leo wamekubonyeza tumbo mara ngapi?" Yule mzee akanyoosha vidole vinane. Mama akaandika, hakusema neno. Baadaye akaomba kuona walimu wa anatomia, si majina yao ukutani, wao wenyewe. Ubora wa chuo uko pale kitandani. Sasa mtu aliyefundishwa vizuri, ametibu watu miaka ishirini, anakwamishwa na jina la juu ya cheti. Inaniuma.

Kutoka: Mzee Hamisi, Eastleigh

Itifaki ya Soko la Pamoja la EAC imeanza kutumika Julai 2010. Nyanya zinavuka Namanga kila siku, daktari anaambiwa angoje. Viongozi wetu wanapiga picha Arusha tu. Mimi nikistaafu narudi Tanga, nikakae nisikie mawimbi, nile samaki wa asubuhi ile ile.

Kutoka: Bi Saumu, Umoja

Mzee umenikumbusha! Mkate wa kumimina wa Tanga, ukiwa bado wa moto. Hapa nimeujaribu mara tatu, haukai.

Kutoka: Mama Neema, Kilimani

Tui lako jepesi. Nazi usinunue ya pakiti.

Kutoka: Zuhura, South B

Asanteni wote. Bi Saumu, nimeisoma yako mara mbili. Lakini bado sijajua: barua niiombe TCU, UDSM au Muhimbili? Natakiwa dirishani Ijumaa saa tatu. Kuna anayesafiri Dar kesho nimpe bahasha?