Netflix na "Miili Mitatu": Wachina wana haki ya kukasirika?

Tumbiri wa Moro
Wadau, salaam. Nimerudia kutazama ile tamthilia ya Netflix ya sehemu 8, 3 Body Problem, iliyotoka Machi 2024. Imetokana na riwaya ya Mchina, Liu Cixin, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa umeme mkoani Shanxi huku akiandika. Kwa ambaye hajaiona: binti Ye Wenjie anamshuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa jukwaani mbele ya umati wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, zile vurugu za kisiasa za China enzi za Mao. Baadaye, akiwa kwenye kituo cha siri cha mawasiliano huko milimani, anapokea ujumbe kutoka kwa viumbe wa nyota nyingine. Amekwishakata tamaa na binadamu, kwa hiyo anawaita waje. Sehemu kubwa inayobaki ni wanasayansi wa leo wanaohangaika na ujio huo.

Ilipotoka, Weibo, mtandao wa kijamii wa Wachina, iliwaka moto. Lawama kubwa ilikuwa hii: China ya damu na vilio imeachwa China, lakini wale wanasayansi wa leo, ambao kitabuni ni Wachina, wamehamishiwa Uingereza na kugeuzwa marafiki watano waliosoma Oxford. Wana haki ya kukasirika? Mimi nasema wanayo. Karibuni.

Kijiti Kikavu
Hawana. Netflix haijafunguliwa China. Kila aliyelalamika ameitazama kwa njia ya panya. Na walioidhinisha ni Wachina wenyewe: haki zilitoka kampuni ya Yoozoo ya Shanghai, na Liu Cixin mwenyewe aliingia kama mshauri wa watayarishaji toka mradi ulipotangazwa 2020. Ukishauza ng'ombe na pesa ukaweka mfukoni, huendi machinjioni kuuliza kisu kimepita wapi. Ila najua humu watakuja kuwatetea wale waliosomeshwa na Wachina. Mkono uliokulisha huuumi.

Binti wa Chengdu
Kaka Kijiti, hunijui wala sikujui, lakini hilo la mwisho umelirusha likanipata mimi. Ndiyo, nimesoma Chengdu, China, miaka mitano kwa ufadhili. Nilifanya mtihani, nikasubiri, nikapangiwa. Nimelala kwenye baridi ambayo Kigoma hatuijui, nimejifunza herufi elfu kadhaa kwa kuziandika usiku hadi kidole kikaota sugu. Hakuna aliyeninunua. Wachina nimewalaumu usoni kwao, kwa lugha yao, mambo ambayo wewe hujawahi kuyawaza.

Na kuhusu "njia ya panya": wao wenyewe wanaita "kuruka ukuta", yaani ukuta wa mtandao unaozuia tovuti za nje. Mwanafunzi anaruka ukuta kutafuta makala ya utafiti, anaruka kumsalimia shangazi yake Kanada, na ndiyo, anaruka kutazama tamthilia. Mtu akizuiwa kuona kitu hajapoteza haki ya kuumia kwa kilichomo.

Jarida lililoitoa riwaya hiyo kwa mfululizo mwaka 2006, Kehuan Shijie, ni la Chengdu. Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja ana matoleo yale ya baba yake, kayafunga kwa nailoni. Kwao ni kitu cha mji. Halafu wengi wenu mnaojibu hapa kitabu hamjakisoma. Mmesoma tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu ya mwaka 2014, na hicho si kitabu kilekile.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, pole kwa uliyotupiwa na huyo kijana, hakutenda vyema. Lakini na wewe umenichoma. Kwamba aliyesoma tafsiri hajasoma? Nimefundisha fasihi miaka thelathini na moja. Wanafunzi wangu walimjua Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Juliasi Kaizari walikuwa wakimnukuu uwanjani wakati wa mapumziko. Unaniambia hawakusoma?

Mswahili wa Likoni
Shikamoo Mwalimu. Mimi niko na Binti kwenye hili. Huyo huyo Nyerere ni mfano wa anayoyasema. Shakespeare aliandika juu ya mfanyabiashara wa Venisi, mmoja, tena Antonio, mtu mwema anayewakopesha watu bila riba. Nyerere akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja akawa mabepari wengi. Hiyo si tafsiri, ni siasa ya chama kwenye jalada la kitabu. Netflix wamefanya lilelile, wamechukua cha watu wakakivisha nguo ya kwao.

Mzalendo Huru
Wewe wa Likoni chunga ulimi. Umemfananisha Baba wa Taifa na kampuni ya Marekani? Mwalimu alikuwa Rais wa nchi na bado akakaa chini akaitafsiri tungo kwa tungo, kuwathibitishia waliodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo makubwa. Hakulipwa na mtangazaji. Omba radhi.

Tumbiri wa Moro
Jamani, turudi. Naomba mnijibu hili. Hadithi nzima ni vitabu vitatu: Wang Miao, mtafiti wa nano (teknolojia ya vitu vidogo mno), yuko kitabu cha kwanza, Luo Ji yuko cha pili, Cheng Xin yuko cha tatu. Hawakukua pamoja, kila mmoja ana kitabu chake. Ndiyo maana ukisoma unahisi ubinadamu mzima uko hatarini, watu wasiojuana wanabeba mzigo mmoja. Netflix wamewafanya wote marafiki wa chuo, wanakunywa pamoja, wamependana na kuachana. Ulimwengu umekuwa sebule. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko suala la nani ni Mchina na nani si Mchina. Mnaonaje?

Mswahili wa Likoni
Sitaomba radhi kwa kusema ukweli. Mzalendo, jalada linasema mabepari. Kalisome.

Mwalimu Mstaafu
Likoni, marahaba, na nakujibu kwa upole kwa sababu wewe ni mtu wa pwani na hili ulipaswa kulijua kunishinda. Bepari halikuzaliwa na Ujamaa. Ni neno la Kihindi lililokuja na majahazi, na maana yake ya asili ni mchuuzi, mfanyabiashara. Kamusi za zamani za wakoloni zinaliandika hivyo. Babu zako pale Mombasa wakimwita mtu bepari walimaanisha anauza bidhaa. Siasa ndiyo iliyolichukua likabeba maana ya mnyonyaji. Kwa hiyo Mwalimu alichagua neno lenye milango miwili, wa zamani na wa mpya, na msomaji anapita wote. Hakukosea. Ule wingi, "mabepari", sawa, hapo una hoja. Lakini Shailoki, yule mkopeshaji wa riba kwenye tamthilia hiyo, naye ni mtu wa biashara. Unamwacha wapi?

Mzalendo Huru
Asante Mwalimu. Funga mjadala.

Kijiti Kikavu
Mjadala haujafungwa, mmeukimbia. Dada wa Chengdu, nakuomba radhi kwa lile la ufadhili, nililitoa kwa hasira. Lakini jibu hili. Januari 2023 Wachina walitoa tamthilia yao wenyewe, kampuni ya Tencent na televisheni ya taifa CCTV, sehemu 30, wakiifuata riwaya karibu ukurasa kwa ukurasa. Haya, niambie, kile kipigo cha Profesa Ye jukwaani kiko wapi? Wamekipitia juu juu. Kitu kinachomfanya Ye Wenjie awaite maadui wa dunia kimefifishwa, na hakuna aliyewasha moto Weibo. Wazungu wanakionyesha waziwazi, ndipo heshima ya nchi inakumbukwa. Mkuki kwa nguruwe.

Binti wa Chengdu
Radhi nimeipokea, kaka. Na nakujibu bila kukwepa, umesema kweli. Kipigo kile kimefifishwa. Wapo Wachina waliosema hivyohivyo, wakashukuru kwamba angalau mtu mmoja duniani kakionyesha. Wengine waliwakumbusha wenzao mtandaoni, "Jamani, hiki kimo kitabuni, hamkusoma?"

Sasa nisikilize na mimi. Kitabu cha Kichina cha 2008 hakianzi na kile kipigo. Kinaanza na Wang Miao, mwanasayansi wa leo, anagongewa mlango na polisi na wanajeshi. Sura za Mapinduzi ya Utamaduni zimewekwa ndani. Liu alitaka zitangulie. Zilisogezwa ili zisivute macho ya wakaguzi. Ken Liu alipotafsiri alizirudisha mbele, na mwandishi akafurahi. Kwa hiyo mpangilio wa Netflix una baraka zake. Hilo siwezi kulikana, na nilipoandika juu kwamba "si kitabu kilekile" nilisema kwa ukali uliozidi. Mwalimu, unisamehe.

Kinachowauma si kipigo. Baada ya kipigo kuna nini? Kitabuni, baada ya kile kidonda, unakutana na Beijing ya leo. Maabara, askari mvutaji sigara Shi Qiang, wanasayansi wanaobishana, nchi iliyosimama. Kidonda na mtu aliyepona vyote ni vya Mchina. Netflix wamekichukua kidonda wakamwacha mtu. Mchina wa leo aliyebaki na nguvu kwenye hadithi ni nani? Shi, na yeye ni mtu wa Manchester. Na Ye Wenjie, ambaye kitabuni mwanawe ni wa mumewe Mchina, Yang Weining, mtu aliyeishi naye kituoni, kwenye tamthilia amezaa na Mike Evans, tajiri wa kigeni. Rafiki yangu alizima hapo. Sikumwona akilia hata tulipofeli mtihani wa takwimu, siku ile alilia.

Mwenye kovu usidhani kapoa, kaka.

Mzalendo Huru
Nasikia hata mwandishi wake waliishamuua kwa sumu kwa ajili ya hii filamu. Hela inaua watu.

Tumbiri wa Moro
Hapana mkuu, mwandishi ni mzima. Aliyeuawa ni Lin Qi, mkuu wa Yoozoo, kampuni iliyokuwa na haki. Alifariki Desemba 2020. Aliyemtilia sumu, Xu Yao, alikuwa mtendaji wake mwenyewe, na mahakama ya Shanghai ilimhukumu kifo tarehe 22 Machi 2024, siku moja tu baada ya tamthilia kutoka. Jina la Lin Qi limo kwenye orodha ya watayarishaji.

Na swali langu la sebule bado halijajibiwa na mtu.

Mzalendo Huru
Daah. Siku moja baada? Hiyo peke yake ni filamu.

Kijiti Kikavu
Dada, nimekuelewa kuhusu mtu aliyeachwa. Lakini basi wamlaumu nani? Tamthilia yao ina China ya leo bila kidonda. Ya Netflix ina kidonda bila ya leo. Kitabu kizima hakuna aliyekionyesha. Mimi kama ningekuwa Mchina ningewakasirikia wote wawili, na wa kwangu zaidi, kwa sababu yeye alikijua.

Mswahili wa Likoni
Mwalimu, nimeuliza wazee hapa mtaani. Mzee mmoja wa miaka themanini na kitu ameniambia bepari ni Mhindi mwenye duka, basi, hakuna la ziada. Nimekubali. Mzalendo, nawe pokea, nakuomba radhi. Ila la wingi silirudishi.

Na nina swali la dhati. Waingereza walilalamika? Nyerere alipogeuza jina, kuna Mwingereza aliyesema ameporwa?

Mwalimu Mstaafu
Sijapata kusikia.

Binti wa Chengdu
Nimemtumia rafiki yangu swali la Likoni sasa hivi, nikamweleza habari ya bepari na milango yake miwili. Kule ni saa tano usiku lakini amejibu. Nawatafsiria kama alivyoandika: "Shakespeare ana waigizaji wa Kiingereza kila jioni London. Rais wenu akimgeuza, kesho yake bado yupo palepale kama alivyo. Sisi riwaya zetu za sayansi, hii ndiyo ya kwanza dunia nzima kuigeukia. Ilipopata Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, mwaka 2015, hakukuwa na Mwasia aliyewahi kuipata kwa riwaya. Watu milioni na milioni wataijua kwa sura za Oxford peke yake, na hawatarudi kutafuta nyingine. Hao wa Tencent nimewakasirikia pia, mwambie huyo kaka."

Kijiti Kikavu
Mwambie nimesikia. Sina jibu la hilo la London.

Tumbiri wa Moro
Mwulize basi na la sebule, dada, kama hajalala.

Mwalimu Mstaafu
Binti, mwambie rafiki yako mzee mmoja huku Tanga anamshukuru. Nakala yangu ya Mabepari nilimwazima mwanafunzi mwaka 1994, haikurudi. Kama kuna mwenye nayo, yenye jalada la zamani, naomba aniambie. Nataka kuangalia Nyerere alimwita Shailoki nini mahali Antonio anapomtukana.

Mzalendo Huru
Ninayo Mwalimu. Imetoboka kona na ukurasa wa mwisho haupo, lakini sehemu hiyo ipo. Nakupigia picha kesho asubuhi, umeme ukirudi.